Mtoto Humwambia Nani?

Shida ya mtoto ina siku mbili: siku inapoanza, na siku mzazi anapoijua. Katikati yake linaweza kupita juma moja, inaweza kupita miaka. Binti hupata ujauzito mwezi wa tatu, nyumbani wakajua mwezi wa saba. Kijana huvamiwa na wakubwa zake njiani kwenda shule muhula mzima, na mzazi akaona tu kwamba mtoto huyu siku hizi anaumwa tumbo kila Jumatatu. Mwingine huguswa na ndugu wa nyumba hiyohiyo, akakaa na jambo hilo moyoni mpaka naye anakuwa mzazi. Urefu wa muda huo ndio unaoamua kama shida itashughulikiwa ingali changa au itakutwa imekwisha kuharibu. Mazungumzo haya yanahusu mambo yanayourefusha muda huo na yanayoufupisha, kwa kuzitazama hasa familia za Ruaha Mbuyuni na za Nyanda za Juu Kusini kwa jumla.

Ruaha Mbuyuni iko Wilaya ya Kilolo, pale barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapoingia Mkoa wa Iringa ikitokea Morogoro, kabla haijaanza kupanda Kitonga. Ni bonde la joto na mibuyu, Mto Ruaha Mkuu uko karibu, na jina la mahali hapo nchini limebebwa na vitunguu. Kitunguu hakimwachi mkulima apumzike. Kitalu kinataka maji asubuhi na jioni, miche inahamishwa mmoja mmoja, palizi inafuata palizi, kisha kung'oa, kukata majani, kuchambua na kufungasha, huku dalali akiwa tayari anapiga simu. Wazazi hutoka alfajiri watoto wakiwa bado wamelala, hurudi jua limezama, wamechoka. Tena wakulima wengi wa bonde hilo si wazaliwa wa hapo. Wamefuata maji na ardhi; wengine wamekodi shamba kwa msimu tu. Bibi amebaki kijiji kingine, shangazi ameolewa mbali, mjomba yuko mjini. Nyumba ina baba, mama na watoto, basi.

Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu katika malezi ya zamani ya sehemu kubwa ya Tanzania mzazi mwenyewe hakuwa mtu wa kuambiwa siri za mwanawe. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe mpangilio huo ulifika mbali sana. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi na kufanya utafiti huko kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu ambacho Monica Wilson alikitoa mwaka 1951 kinaeleza jinsi wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi walivyotoka nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni na kuanzisha kijiji cha rika lao. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, wakienda kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kulala, walilala katika kijiji chao. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni staha: mvulana anayekua hakupaswa kuwa karibu na mambo ya usiku ya wazazi wake. Kijana wa namna hiyo alipokuwa na jambo la mwili wake au la moyo wake, aliwaambia wenzake wa rika na wakubwa wa rika la juu. Baba alikaa mbali, na umbali huo ulihesabiwa kuwa heshima.

Kwingine njia ilikuwa tofauti lakini ilielekea palepale. Pwani binti alikuwa na somo wake, na katika makabila yenye unyago na jando kulikuwa na makungwi na walezi wa jandoni. Na karibu kila mahali palikuwa na bibi na babu. Utani kati ya babu na mjukuu, wa kuitana mume na mke na kuchekana hadharani, ulifungua mlango ambao mbele ya baba ulifungwa. Mjukuu aliweza kumwambia bibi neno lolote kwa mzaha, bibi akalisikia kwa uzito wake, akalifikisha kwa mama wa mtoto kwa wakati aliouchagua na kwa maneno aliyoyapunguza makali. Mzazi alipata habari bila kumwaibisha mtoto, na mtoto alipata msaada bila kumtazama mzazi usoni. Huo ulikuwa ufundi mkubwa wa malezi, na wanaosema kwamba wazee wa zamani hawakuzungumza na watoto hawautendei haki.

Ufundi huo umevunjwa na mambo mengi kwa pamoja: shule, barabara, kazi za mbali, kuhama kufuata ardhi. Katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini limeongezeka na lingine. Kwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023, watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI ni asilimia 12.7 Njombe, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya, wakati kiwango cha taifa ni asilimia 4.4. Miaka ya vifo vingi, kabla dawa hazijaenea, iliacha watoto wengi mikononi mwa bibi zao. Bibi akageuka mzazi. Akawa ndiye anayenunua daftari, ndiye anayeitwa shuleni, ndiye anayeshika fimbo. Aliyekuwa mtu wa kutaniwa akawa mtu wa kuogopwa, na mtoto akabaki na mzazi mmoja mzee na bila bibi.

Kwa hiyo mtoto wa leo katika bonde la Ruaha anapokaa kimya, si lazima awe mkaidi wala jeuri. Anazo staha alizofundishwa, za kutomwambia mzazi mambo ya aibu, lakini yule mtu wa tatu ambaye staha hizo zilimtegemea hayupo. Mzazi naye anasubiri kuambiwa kwa njia ambayo haipo tena. Kila mmoja anatimiza wajibu wake wa zamani, na shida inakua katikati yao.

Sababu za ukimya zipo nyingine, na ya kwanza inajulikana: kipigo. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Mtoto aliyezoea kwamba kosa humletea fimbo haoni tofauti kati ya kosa alilofanya na kosa alilofanyiwa. Yote mawili kwake ni habari mbaya, na habari mbaya hupigiwa.

Ya pili haitajwi mara nyingi, nayo ni huruma. Watoto huwahurumia wazazi. Mtoto anayemwona mama yake akihesabu deni la mbolea, na bei ya gunia imeshuka msimu huu, hujiambia kwamba hili lake lisubiri. Hupima mzigo wa nyumba, akaona haufai kuongezwa. Watoto wakubwa, hasa wa kwanza kuzaliwa, hufanya hivyo kuliko wadogo zao, na mara nyingi ndio wanaosifiwa kwamba hawana matatizo. Sifa hiyo yenyewe huwafunga mdomo zaidi.

Ya tatu ni kutoaminika kwa mzazi. Binti humwambia mama yake kwamba amevunja ungo, na kabla jua halijazama majirani wawili wameshampongeza. Kijana humwambia baba kwamba anaogopa somo la hesabu, akalisikia likisimuliwa mbele ya wageni kwa kicheko. Mzazi hakuona ubaya, mtoto ni wake na furaha ni yake. Lakini mtoto amejifunza kwamba neno likifika kwa mzazi limefika sokoni. Atakapopata la maana atalipeleka kwingine, au hatalipeleka popote.

Na ipo ya nne, nzito kuliko zote: anayemuumiza mtoto mara nyingi ni mtu wa nyumbani au wa karibu na nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako. Akiwa ni mjomba anayesaidia ada, au mwenye shamba linalokodiwa na familia, mtoto anajua fika kwamba akisema, kuna kitu kitavunjika. Katika utafiti uleule wa ukatili dhidi ya watoto, karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Kati ya hao, wasichana waliowahi kumwambia mtu yeyote walikuwa karibu nusu, wavulana karibu theluthi. Waliojaribu kutafuta huduma ni msichana 1 kati ya 5 na mvulana 1 kati ya 10. Wavulana wako chini kila mahali katika hesabu hiyo, na hilo liwashtue wazazi wanaodhani kwamba wa kulindwa ni binti peke yake. Mvulana ameambiwa tangu mdogo kwamba mwanamume halii. Akipeleka jambo kwa baba huambiwa akaseme kwa mama yake. Akipeleka kwa mama huambiwa hayo ni ya baba yake.

Hata hivyo watoto hawanyamazi kabisa. Husema kwa kupima. Mtoto huanza na habari ya mwenzake: kuna rafiki yangu shuleni anafuatwafuatwa na mtu fulani. Kisha humtazama mzazi. Mzazi akisema rafiki yako huyo ni malaya, achana naye, mtihani umekwisha na mzazi amefeli. Akiuliza kwa utulivu kwamba rafiki huyo anaendeleaje, na amepata mtu wa kumsaidia, huenda siku ya pili habari ya rafiki ikabadilika ikawa habari yangu. Wengine hupima kwa vitu vidogo: kalamu iliyopotea, chenji iliyopungua, jembe lililovunjika mpini. Namna mzazi anavyopokea habari ya mpini ndiyo mtoto anayoitumia kukadiria atakavyopokea habari ya mimba. Wengine hawatumii maneno. Huumwa bila ugonjwa kuonekana, hukataa kutumwa nyumba fulani, hurudia kukojoa kitandani, hushuka darasani ghafla, au huwa wapole kupita kawaida. Upole wa ghafla haufai kushangiliwa kabla haujaulizwa.

Mahali na wakati wa kuzungumza vina kazi yake. Mtoto anayeitwa sebuleni, baba na mama wamekaa, akaambiwa haya sema, amewekwa mahakamani. Watoto husema mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine. Wakati wa kukata majani ya vitunguu, mzazi na mtoto wameinama juu ya rundo moja, unafaa kuliko kikao chochote. Unafaa pia wakati wa kusonga ugali, wa kuteka maji, wa kutembea kwenda shambani. Familia za bonde la Ruaha, kwa ugumu wote wa kazi yao, zina saa nyingi za namna hiyo. Kinachotakiwa ni saa hizo zisijazwe na amri peke yake. Mpango wa malezi uitwao Furaha Teens, uliofanywa Mwanza na Shinyanga miaka michache iliyopita kwa wazazi na watoto wao wa rika la balehe, ulianzia hapohapo: mzazi apate muda na mtoto mmoja mmoja, mtoto ndiye achague wafanye nini. Mambo mazito ya fedha, hatari na ukatili yalifuata baadaye katika vikao vyake 14. Ukaribu ulijengwa kwanza.

Siku mtoto anaposema lenyewe, dakika za mwanzo huamua mengi. Linalohitajika ni mzazi anyamaze amsikilize mpaka mwisho, amwambie kwamba anamwamini na kwamba amefanya vizuri kusema. Maswali yawe machache. Yapo mawili ambayo humtoka mzazi bila kufikiri, nayo huumiza sana: kwa nini hukusema mapema, na ulikuwa unafanya nini huko. La kwanza humfanya mtoto mkosaji kwa kuchelewa, la pili humfanya mkosaji kwa kuwapo. Mzazi anaweza kulia, kwani naye ni mtu, ila asimwachie mtoto kazi ya kumbembeleza. Tena asiahidi kwamba hatamwambia mtu. Ahadi hiyo mara nyingi haiwezi kutimizwa, na ikivunjwa mtoto hatarudi. Bora amwambie wazi ni nani mwingine lazima ajue, na kwamba hatajulishwa mtu yeyote zaidi ya huyo.

Wapo watoto ambao hata saa ya kukata majani hawanayo, kwa sababu hawapo nyumbani. Tangu ujenzi wa sekondari za kata katika miaka ya 2000, watoto wengi wa vijijini wanaoishi mbali na shule hupangishiwa chumba karibu nayo. Wana miaka 14 au 15, wanajipikia, wanajilinda, na mwenye nyumba ni mgeni kwao. Wapo pia mabinti wanaochukuliwa Iringa na mikoa jirani kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam na miji mingine, biashara ya miaka mingi inayojulikana na kila mtu. Simu ya kutoka nyumbani huuliza mambo mawili, uzima na fedha, na mara nyingi binti huijibu mwajiri akiwa amesimama karibu. Mzazi aliyemruhusu mtoto kuondoka anaweza kupanga naye mapema neno la kawaida, kwa mfano kuulizia hali ya bibi, ambalo maana yake wawili hao wanaijua: nina shida, nifuateni. Ni jambo dogo na halina gharama, nalo linapaswa kufanywa kabla ya basi kuondoka.

Kuhusu mimba, ukimya wa mabinti ulikuwa na sababu ya ziada. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata ujauzito alifukuzwa shule, na Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka kwamba wasichana waliojifungua hawatarudi katika shule za serikali. Kusema ilikuwa sawa na kujifukuzisha. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu hiyo wanaweza kurudi katika mfumo rasmi. Bado kuna mabinti, na hata wazazi, wanaoishi kana kwamba tangazo hilo halikutolewa. Kwa upande wa pili, tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inamwadhibu anayempa mimba mwanafunzi kwa kifungo cha miaka 30. Adhabu hiyo ilikusudiwa kuwalinda watoto, lakini imewafanya baadhi ya wazazi wamalizane na mhusika kwa fedha chini ya mti. Binti aliyepata ujasiri wa kutaja jina akaona jina hilo limeuzwa, hatataja kitu tena maishani mwake. Huo ni usaliti, hata kama fedha imemnunulia mtoto nguo.

Ukweli unaofichwa na wazazi nao huziba mdomo wa mtoto. Katika mikoa yenye maambukizi mengi, wapo watoto wanaomeza dawa za kufubaza virusi kila siku wakiambiwa ni za kifua au za mzio. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2011 kwamba mtoto wa umri wa kwenda shule aambiwe hali yake, hatua kwa hatua, kwa kadiri anavyoweza kuelewa. Mtoto anayegundua mwenyewe, kwa kusoma maandishi ya kopo, hujifunza siku hiyohiyo kwamba katika nyumba hii mambo makubwa hayasemwi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila idhini ya mzazi. Anaweza basi kurudi nyumbani na majibu mfukoni, na kama atayaonyesha au atayachana inategemea alichojifunza hapo nyumbani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kifungu chake cha 11 kinampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Kifungu cha 95 kinamtaka kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe serikali za mitaa. Milango ipo: afisa ustawi wa jamii, mtendaji wa kijiji au kata, dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, na zahanati. Mtoto akiwa amebakwa au kulawitiwa, saa huhesabiwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI huanza kutumika ndani ya saa 72 tangu tukio, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Dawa za dharura za kuzuia mimba zina mwisho wa siku tano. Mtoto asiogeshwe na nguo zake zisifuliwe kabla hajaonwa na mganga, kwa sababu hizo ndizo ushahidi. Mtoto aliyenyamaza siku nne kwa kuogopa fimbo amekwisha kupitwa na dawa ya kwanza.

Kwa mtoto ambaye hana kabisa wa kumwambia, na kwa mzazi ambaye ameambiwa jambo na hajui pa kuanzia, kuna namba ya simu ya huduma kwa mtoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa ushirikiano na serikali. Namba hiyo ni 116 na kuipiga ni bure, hata simu isipokuwa na salio. Mzazi anayesikiliza sasa hivi akiwa na watoto karibu, aitaje kwa sauti wote wasikie, kisha awaambie kwamba siku wakiipiga hatawauliza kwa nini.